HARAMU HAITHIBITI KWA NAMBA: Orodha za "E" na Amana ya Kusema juu ya Dini ya Allah



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote, aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na akatuharamishia vilivyo vibaya. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zetu katika imani, kwa miaka mingi sasa imekuwa ikizunguka misikitini mwetu karatasi moja. Hutolewa fotokopi na kugawiwa mlangoni baada ya Swala ya Ijumaa, hubandikwa kwenye mbao za matangazo, na siku hizi hupita katika simu za mkononi kutoka nyumba hadi nyumba. Ndani yake mna safu ndefu ya namba zinazoanza na herufi E, na mbele ya nyingi katika hizo limeandikwa neno moja zito: haramu. Aliyeiandika hajulikani. Dalili haitajwi. Mahali ilipochunguzwa habari hiyo hapatajwi. Pamoja na hayo, wako waumini wanaoitunza kama wanavyotunza kitabu cha fiqhi, na wako makhatibu walioisoma juu ya mimbari.

Sisi hatuna shaka na nia njema ya wengi wanaoigawa. Wanataka kujilinda na kuwalinda ndugu zao. Lakini dini yetu haikujengwa juu ya nia peke yake. Imejengwa juu ya nia na elimu, na karatasi hii haina elimu.

YALIYOTOKEA KATIKA MSIKITI MMOJA

Katika msikiti mmoja tunaoujua, yupo mama mjane anayepika mikate na maandazi, akawauzia watu wanaotoka katika Swala ya Alfajiri. Kwa kazi hiyo anawalea watoto wake. Karatasi ile ilipofika, kijana mmoja akaenda kulitazama kopo la beking pauda analolitumia, akakuta limeandikwa E450 na E500. Namba zote mbili zilikuwa katika orodha. Kwa muda wa wiki kadhaa watu wakampita yule mama bila kununua, na baadhi yao wakamnasihi atubie kwa kuwalisha Waislamu haramu.

Tulilitazama kopo lile. E500 ni kabonati za sodiamu, yaani jamaa ya magadi haya haya ambayo bibi zetu wametilia maharage na kisamvu tangu hapo kale. E450 ni chumvi za fosfeti zinazotokana na madini ya mwamba. Kilichobaki kilikuwa wanga wa mahindi. Hamkuwa na mnyama ndani yake, si nguruwe wala ng'ombe.

Katika mwezi ule ule, madrasa ya msikiti huo huo ilifanya hafla ya kuwapongeza wanafunzi waliohitimu juzuu. Watoto wakagawiwa pipi laini zilizotoka ng'ambo. Nyuma ya pakiti, miongoni mwa viambato, lilikuwapo neno "jelatini" bila ya kutaja mnyama gani, na bila ya alama ya chombo chochote kinachothibitisha halali. Hakuna aliyeshituka. Orodha iliwaambia watafute E441, na pakiti haikuwa na E441.

Hivi ndivyo karatasi ile ilivyoihudumia dini: ilimnyima mjane riziki yake ya halali, na ikawapitisha watoto wa madrasa mbele ya jambo lenye shubha wakiwa wamefumba macho.

NAMBA NI NINI?

Wapo wanaodai kuwa namba hizi zilibuniwa ili kuwaficha Waislamu mafuta ya nguruwe. Dai hili halina msingi. Nchi za Ulaya zilianza kupanga orodha ya pamoja ya vitu vinavyoruhusiwa kutiwa katika chakula mwaka 1962, wakianzia na rangi. Baadaye Tume ya Codex Alimentarius, ya mashirika ya Umoja wa Mataifa yanayoshughulikia chakula na afya, ikapitisha mwaka 1989 utaratibu wa namba kwa dunia nzima, na namba zake kwa sehemu kubwa ni zile zile bila ya herufi E. Makusudio ni kukitaja kitu chenye jina refu la kikemia kwa njia fupi inayoeleweka katika kila lugha.

Basi namba ni jina la kitu. Inasema kitu hicho ni nini. Mara nyingi haisemi kimetoka wapi. Na sharia yetu, katika mlango huu, inauliza kwanza asili: ni mmea, ni madini, au ni mnyama? Kama ni mnyama, ni yupi, na alichinjwa vipi? Anayehukumu kwa namba pekee ni mfano wa kadhi anayehukumu kwa kusikia jina la mshitakiwa bila ya kusikiliza shahidi.

Wala si mara ya kwanza kwa karatasi ya namna hii kuwahadaa watu. Mwaka 1976 ilianza kuenea Ufaransa karatasi ya fotokopi iliyodaiwa kutoka katika hospitali ya saratani ya Villejuif, ikiwa na orodha ya namba za E. Iliitaja E330 kuwa ndiyo hatari kuliko zote. Hospitali ikakana kuwa ndiyo iliyoiandika. E330 ni asidi ya sitriki, yaani ndimu ya unga inayouzwa katika kila duka la viungo hapa pwani, na iliyomo ndani ya ndimu na limau tunazokamulia samaki. Hata hivyo karatasi iliendelea kusafiri nchi kwa nchi kwa miaka mingi, kwa kuwa kila aliyeipokea alidhani aliyemtangulia ameshahakikisha. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika Hadithi aliyoipokea Muslim, kwamba inamtosha mtu kuwa mwongo kule kusimulia kila alisikialo. Na Allah (s.w.) ametuamrisha katika Suratul Hujurat, aya ya 6, kuihakiki habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Yule mama mjane ni katika watu hao.

MAFUNGU MATATU

Mwenye kutaka kufuata haki katika jambo hili aligawe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vitu ambavyo asili yake haina tatizo. E100 ni kiini cha manjano tunayotilia mchuzi. E260 ni asidi ya siki. E414 ni gundi ya mti wa mgunga, ambayo Sudan imeuza duniani kwa karne nyingi. E901 ni nta ya nyuki. E407 ni karajenani, inayotolewa katika mwani. Na mwani huo wanaulima akina mama wa Paje, Jambiani na Pemba, ambako kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1989. Ni ajabu iliyoje Mwislamu wa Unguja kuogopa aiskrimu kwa sababu ya E407, na huku shangazi yake ameinama pwani akiufunga mwani huo kwenye kamba!

Fungu la pili ni vitu ambavyo asili yake inajulikana kuwa ni mnyama au mdudu, na hukumu yake inarejea kwa maulamaa. Mfano wake ni E120, karmini, rangi nyekundu inayotokana na mdudu anayeishi juu ya mpungate, na Peru ndiyo nchi inayoongoza kumzalisha. Kwa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika mwambao wetu, wadudu wa namna hii hawaliwi. Wamaliki wana wasaa katika wadudu, na Baraza la Maulamaa la Indonesia (MUI) lilitoa fatwa mwaka 2011 kuiruhusu rangi hiyo. Sisi tunaona kujiepusha nayo ni salama zaidi, kwani rangi si jambo la dharura. Lakini hatumwiti fasiki aliyefuata kauli ya wanavyuoni wengine.

Fungu la tatu, ambalo ndilo kubwa na ndilo linalohitaji kazi, ni vitu vinavyoweza kutoka kwenye mmea au kwenye mnyama, na namba ikabaki ile ile. E471, inayotiwa katika mikate ya viwandani, siagi za mimea, keki na aiskrimu ili mafuta na maji yachanganyike, hutengenezwa kwa mafuta ya mawese au ya soya, na hutengenezwa pia kwa mafuta ya wanyama. E422, gliserini, iko vivyo hivyo. E631, inayokoleza ladha ya viazi vya pakiti na supu za unga, huweza kutokana na nyama, na samaki, au na uchachushaji wa mimea. E920, inayolainisha unga wa mikate, hutolewa katika manyoya ya ndege au nywele, na pia hutengenezwa kwa uchachushaji. Kusema "E471 ni haramu" ni kusema usilolijua. Kusema "E471 ni halali" nako ni kusema usilolijua. Jawabu sahihi ni swali: imetokana na nini?

FUNZO LA INDONESIA

Tukio la Indonesia linabainisha jambo hili kuliko maneno yetu. Mwishoni mwa mwaka 2000 MUI iliamua kuwa unga wa kukoleza ladha wa Ajinomoto uliokuwa ukitengenezwa nchini humo haukuwa halali. Unga huo ni E621. Hutengenezwa kwa bakteria wanaochachusha molasi ya miwa, na ndani ya unga wenyewe hamkuwa na nguruwe. Tatizo lilikuwa nyuma kabisa ya kazi: chakula cha kukuzia bakteria wale kilitokana na soya iliyovunjwa kwa kimeng'enya cha kongosho la nguruwe. Januari 2001 bidhaa ikaondolewa sokoni. Rais wa wakati huo, Abdurrahman Wahid, naye akiwa ni mtu aliyelelewa katika elimu ya dini, alisema unga ule ni halali. MUI haikurudi nyuma. Kampuni ikabadilisha chakula cha bakteria wake, na bidhaa ikapata tena cheti cha halali mwaka huo huo.

Zingatieni, ndugu zetu. Namba ilikuwa E621 kabla ya kosa, E621 wakati wa kosa, na E621 baada ya kosa kurekebishwa. Kama wale maulamaa wangeishia kwenye namba, wasingeligundua lolote. Waligundua kwa kuhoji kiwanda: mmebadilisha nini, na mmekitoa wapi? Tunaweza kukubaliana au kutofautiana nao katika hukumu, lakini njia yao ni njia ya elimu.

MAMBO YASIYO NA NAMBA

Aibu kubwa zaidi ya orodha hizi ni kuwa zimenyamaza pale panapohitaji kusemwa. Jelatini Ulaya huhesabiwa kuwa ni chakula, si kiongezwa, kwa hiyo huandikwa kwa jina lake bila ya namba. Na malighafi yake kubwa huko ni ngozi ya nguruwe. Inatiwa katika pipi laini, jeli, baadhi ya maziwa ya mtindi, na maganda ya vidonge. Kigandisho cha jibini, kitokacho katika tumbo la ndama au katika kuvu, hakina namba ya E. Ladha za kutilia keki hazina namba. Na ladha ya asili ya vanila, kwa sheria ya Marekani, sharti iwe na alkoholi isiyopungua asilimia 35. Mwenye kutegemea orodha ameilinda dirisha na kuuacha mlango wazi.

HOJA YA WANAOSEMA "BISMILLAH YATOSHA"

Upande wa pili wapo ndugu zetu waliochoka na orodha hizi, wakasema: piga bismillahi, ule, usijisumbue. Hoja yao ni Hadithi ya Mama Aisha (r.a.) katika Bukhari, kuhusu watu waliokuwa wakileta nyama isiyojulikana kama ilisomewa jina la Allah, na Mtume (s.a.w.) akawaelekeza walitaje jina la Allah na kula.

Hadithi ni sahihi, na sisi tunaikubali kwa moyo mkunjufu. Lakini inaeleza kwamba wale walikuwa Waislamu walioingia katika dini karibuni. Dhana ya asili juu ya nyama ya Waislamu ni kuwa halali, na shaka tupu haiiondoi dhana hiyo. Je, dhana ya asili juu ya jelatini iliyotoka katika nchi ambayo malighafi yake kubwa ni ngozi ya nguruwe ni hiyo hiyo? Bismillahi ni ibada na baraka. Haimgeuzi nguruwe kuwa kondoo. Na Mtume (s.a.w.), katika Hadithi ya Nu'man bin Bashir (r.a.), alibainisha kuwa kati ya halali iliyo dhahiri na haramu iliyo dhahiri yapo yenye kutatiza, na anayejiepusha nayo ameitakasa dini yake na heshima yake.

HOJA YA KUBADILIKA

Wapo pia wanaosema kuwa jelatini ya nguruwe si nguruwe tena, kwani imebadilika, na katika fiqhi kuna mlango wa istihala: najisi ikigeuka kuwa kitu kingine kabisa, hutoharika. Hoja hii ina watu wake wenye elimu. Wahanafi wameipanua, Ibn Hazm na Ibn Taymiyya wameitetea, na semina ya wanavyuoni na matabibu iliyofanyika Kuwait mwaka 1995 iliiona jelatini kuwa miongoni mwa vilivyobadilika.

Sisi tunashika uamuzi wa Jopo la Fiqhi la Kimataifa la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lililokutana Amman mwaka 1986, na kusema kuwa haifai kwa Mwislamu kutumia jelatini ya nguruwe katika chakula. Hoja yetu ni mbili. Kwanza, jelatini ni ule ule utando wa ngozi na mifupa uliochemshwa na kukatwakatwa. Maabara zingali zikiweza kuichunguza na kusema hii ni ya nguruwe na ile ni ya ng'ombe. Kitu kinachotambulikana bado kwa asili yake, vipi tuseme kimekuwa kingine? Pili, hakuna dharura. Ipo jelatini ya ng'ombe waliochinjwa kisharia, ipo ya samaki, na upo mwani wetu. Mgonjwa asiyepata dawa isipokuwa katika ganda la jelatini ana hukumu yake ya dharura. Mtoto anayelilia pipi hana.

NI NANI ATAKAYEULIZWA?

Allah (s.w.) amewaonya katika Suratun Nahl, aya ya 116, wale ambao ndimi zao zinatangaza uhalali na uharamu wa vitu kwa kumzulia uongo. Aya haikuwataja wanaohalalisha peke yao. Kumharamishia mja alichohalalishiwa na Mola wake ni uzushi sawa na kumhalalishia alichoharamishiwa. Imepokewa kutoka kwa Salman al-Farisi (r.a.), katika mkusanyo wa Tirmidhi, kuwa pale ilipoulizwa habari ya samli na jibini, jawabu lilikuwa kwamba halali ni ile aliyoihalalisha Allah katika Kitabu chake, haramu ni ile aliyoiharamisha humo, na aliyoyanyamazia ameyasamehe. Nani basi aliyempa mwandishi asiyejulikana ruhusa ya kuufunga mlango wa msamaha huo?

Kwa maimamu wetu tunasema kwa heshima: msisome juu ya mimbari karatasi ambayo hamjui mwandishi wake. Kila msikiti mkubwa una mwalimu wa kemia, una mfamasia, una mwanachuoni. Wakalishwe pamoja. Waandike barua kwa kila mwenye kiwanda ambaye bidhaa yake inaliwa mtaani, wamuulize maswali mawili tu: kiambato hiki kimetoka katika mmea au mnyama? Na kama ni mnyama, ni yupi na alichinjwa na nani? Jawabu libandikwe msikitini pamoja na tarehe, kwa sababu viwanda hubadilisha malighafi.

Kwa wafanyabiashara wetu Waislamu wanaoleta makontena kutoka ng'ambo: mnajua kusoma hati za forodha, basi someni na orodha ya viambato. Aliyenunua kwenu amewaamini kwa sababu jina lenu ni Abdallah. Hiyo ni amana.

Kwa vyombo vinavyotoa alama ya halali, ikiwa ni BAKWATA huku Tanzania, Kenya Bureau of Halal Certification kwa jirani zetu, au vinginevyo: miongozo ya Codex ya mwaka 1997 kuhusu matumizi ya neno halali inahusisha na viongezwa pia, si nyama peke yake. Watangazieni Waislamu mlichokikagua na jinsi mlivyokikagua. Alama isiyo na maelezo ni karatasi nyingine ya fotokopi, tofauti yake ni muhuri.

Na kwa kila aliyempita yule mama bila kununua: mrudieni, mumwombe radhi, na mnunue mikate yake. Haki ya mja haifutiki kwa istighfari peke yake.

Tunamwomba Allah (s.w.) aturuzuku chakula kilicho halali na kizuri, atuepushe na kusema juu ya dini yake tusiyoyajua, na azipokee dua zetu pasipo na haramu ndani ya matumbo yetu wala dhuluma juu ya ndimi zetu. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.